Jino Namba 18

Wanafunzi walimwita Bibi Thibitisha, tena kwa kunong'ona, wakidhani hajui. Alijua, na alilipenda jina hilo kuliko cheo kilichobandikwa mlangoni pake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha madaktari wa meno waliorudi kusomea shahada ya uzamili, wajue kufanya utafiti kwa kumbukumbu za wagonjwa zilizomo kwenye kompyuta. Na walikuja wamevimba vichwa, hao! Wamezoea kuitwa daktari huku, daktari kule, basi wakiona jedwali limejipanga vizuri wanaliamini kama mama mzazi. Dawa yao alikuwa nayo. Aliwaacha wajikwae wenyewe, kisha akawacheka mpaka miwani ikamteleza puani.

Mwaka huu lakini kicheko kilikuwa cha kujikaza. Mkuu wa kitivo, bingwa wa macho asiyejua gego wala chonge, alikuwa ametamka wazi kwamba kozi ile haina faida, na ataifunga asipoonyeshwa matokeo ya maana. Bibi Thibitisha aliianzisha kozi ile kwa jasho lake, akaumia kweli kweli. Nyumbani mumewe alishachoka na habari zake.

"Si waifunge tu, mke wangu, upumzike?"

"Nipumzike nifanye nini, nikae nakuhesabu meno?"

Aliyekuja na neema ni mwanafunzi mmoja ambaye wenzake walimwita Chapuchapu. Alichukua faili za hospitali ya chuo, akaziunganisha na faili za kliniki fulani ya zamani iliyofungwa, ambayo wagonjwa wake walihamishiwa hospitalini hapo. Akabonyeza, kompyuta ikatema maajabu: jino namba 18, yaani gego la mwisho juu kulia, lilikuwa linaoza kumpita mbali mwenzake wa kushoto. Sababu akaitunga papo hapo. Eti anayeshika mswaki kwa mkono wa kulia, upande huo huo wa kulia haufikii sawasawa. Mkuu wa kitivo aliposikia alifurahi, akaitisha kikao cha Alhamisi.

Bibi Thibitisha aliliona jedwali lile Jumatatu, na kosa akalibaini kabla chai yake haijapoa. Kliniki ya zamani ilikuwa ikihesabu meno mfululizo, moja mpaka thelathini na mbili, kuzunguka mdomo mzima. Kwao 18 ni gego la chini kushoto. Hospitali inaugawa mdomo robo nne, na tarakimu ya kwanza inataja robo. Kwao 18 ni lile la juu kulia. Chapuchapu alikuwa amechanganya chini na juu. Angeweza kumwambia palepale, lakini utundu ukamshika. Mkuu akishuhudia kwa macho yake kosa likinaswa, alijiambia, ataelewa kozi hii ni ya nini.

"Umefanya kazi," akasema, na kumrudishia kompyuta yake.

Siku ya kikao mkuu aliingia darasani ameshika shavu. "Hata mimi ni ushahidi," akasema kwa majivuno. "Kliniki ile ndiyo iliyokuwa ikinitibu. Leo mchana nang'olewa hapo hospitali. Wameniandikia kwenye simu, jino namba 18."

Bibi Thibitisha nusura aruke. Bahati kama hiyo haipatikani hata kwa kuiomba.

"Chapuchapu, vaa glavu," akasema. "Thibitisha."

Mkuu akaachama. Chapuchapu akaingiza kioo, akaligonga gego la juu kulia. Lilikuwa jeupe, limekaa imara.

"Linauma, mkuu?"

"A-a." Mkuu akasukuma kidole chake mwenyewe upande wa pili, chini.

Chapuchapu akachungulia huko, akaliona tundu. Hakuna mwingine pale aliyeweza kuona ndani ya mdomo ule, na angesema lolote angeaminiwa. Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu alikuwa anafuta miwani isiyo na doa.

"Matokeo yangu si kweli," akasema kijana, akaeleza namba zilivyompiga chenga. Bibi Thibitisha akaangua kicheko, darasa zima likamfuata.

Mkuu hakucheka. "Ngojeni kwanza. Hapo hospitali wangening'oa lipi?"

Kicheko cha Bibi Thibitisha kikakatika. Alikuwa amejiambia mkanganyiko ni wa nakala ya darasani tu, kwamba hospitali bila shaka walishabadilisha namba zao. Hakuwauliza.

Chapuchapu akapiga simu chumba cha kung'olea meno, akaifungulia spika wote wasikie.

"Tunafuata namba iliyo kwenye faili, daktari," muuguzi akajibu. "Wale wa kliniki ya zamani tumeanza nao wiki hii. Jana wawili wamerudi, wanasema maumivu yako palepale."

"Msimguse mtu mpaka nije," Chapuchapu akasema.

Mkuu akajifuta mdomo taratibu. "Kozi hii haifungwi," akasema. "Na kila daktari wa hospitali ile ataisoma."

Darasa likapiga makofi. Bibi Thibitisha alikuwa amepata alichokitaka, akatabasamu kwa shida. Chapuchapu hakupiga makofi. Alimsogelea, glavu bado mkononi, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, kosa hili wewe uliliona lini?"

"Jumatatu," akasema.