Nusu Saa ya Kwenda Kabambare

Mama Mathilde, mama wa bwana wangu, alizaliwa Kabambare. Alikuja Kasongo kuolewa kwa miguu, siku nne, na kuku wawili mikononi, na mpaka leo anapima njia ile kwa mahali walipolala. Ukimuuliza kwao ni mbali kiasi gani, anakujibu, "Kulala mara tatu." Analima karanga, na kanisani anaimba sauti nene pamoja na wanaume.

Mwaka jana, Jumanne moja ya mvua, kaka yake Déo alipiga simu. Mama yao alikuwa anaumwa sana, na jina la Mathilde tu ndilo alilokuwa anaita. Serge, jirani yetu, akaleta pikipiki yake uani. Njia ilikuwa matope, siku mbili kama Mungu akisaidia. Mama alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake ndani ya kitenge.

Mimi ndiye niliyemzuia. Asubuhi ile, nilipompeleka Heri wangu kwenye chanjo, nilisikia kwamba kesho ndege ndogo inapeleka dawa Kabambare, na nafasi moja ipo.

"Mama, magoti yako hayataweza," nilisema. "Ndege inakata moja kwa moja, kilometa mia na ishirini hazifiki. Nusu saa tu."

"Nusu saa?" Alicheka kidogo. "Basi miye nilitembea nini siku nne?"

"Ulikuwa unatafuta bwana," Serge akasema. "Sasa umepata mukamwana wa mawinguni, pikipiki yangu inanuka."

Mama akafungua kitenge. Serge akaenda zake.

Kesho yake ndege haikuruka. Rubani alisema kiwanja cha Kabambare kimeota majani mpaka magotini, wafyeke kwanza. Kule wanafyeka watu wenyewe, kwa salongo, kazi ya wote pamoja, kila mutu na panga lake, na salongo ilipangwa Ijumaa. Tukangoja. Ijumaa ikapita. Kila tulipopiga simu Déo alisema, "Mama iko vilevile," na mimi niliamini.

Jumamosi jioni ndipo alipotuambia. Mama yao alikuwa amekufa tangu Alhamisi usiku. Kwao, maiti ikiwa nyumbani, hakuna mutu wa mji mzima anayeshika jembe au panga kwenda kazini. Déo hakutaka dada yake asikie kifo kwenye simu. Basi wao walikuwa wanamungoja yeye ndipo wazike, na ndege ilikuwa inangoja wazike ndipo majani yafyekwe. Mwili haukuweza kungoja zaidi. Walizika mchana ule.

Jumatatu wakafyeka. Jumanne Mama akapanda ndege, na kweli ilikuwa nusu saa.

Alirudi baada ya majuma mawili, nyuma ya pikipiki, na matope mpaka kifuani. Nilimwekea maji ya kuoga, nikapiga magoti.

"Mama, unisamehe. Serge angekufikisha Alhamisi mchana. Ungemukuta."

"Najua." Hakunigombeza. Alianza kuosha tope miguuni, akasema, "Mama Heri, nilifika kwenye kilio na nguo safi. Wamama wa kwetu wanaangalia miguu ya mutu anayekuja kulia. Yangu haikuwa na tope hata kidogo. Wao wote walikuwa chini kwenye mikeka. Miye walinipa kiti, kama mugeni."