Kaka Yake Mwalimu, Wodini

Hospitalini walimwita daktari huyo Mama Vichaa, naye aliitika bila kununa. Alipohitimu, profesa wake alimtaka asomee upasuaji. "Mikono mizuri hivyo, unakwenda kuipoteza bure!" Yeye akaenda kusomea magonjwa ya akili, akarudi kuyafundisha katika chumba kilichopakana na chumba cha kufulia nguo, mashine zikinguruma ukutani na wanafunzi wa udaktari wakipiga miayo.

Alichokuwa hajamwambia mtu ni habari ya kaka yake, fundi saa aliyeugua kwa vipindi. Akizidiwa, mama yao huwaambia wageni kwamba amesafiri, kumbe yumo chumba cha nyuma.

Safari hii alizidiwa sana, akalazwa wodi ile ile ya dada yake. Daktari mwingine alimtibu. Alipopata nafuu, siku ya darasa la wodini ikafika. Mwalimu akamwendea mapema.

"Kaka, wanafunzi wanakuja. Nikuhamishie pembeni?"

"Kwani nimeiba?"

"Hujaiba."

"Basi walete. Nitazungumza nao mwenyewe."

Walipoingia, mwanafunzi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyu nyaya zimekatika wapi?" Wakacheka. Mwalimu akavuta kiti, akakaa ubavuni mwa kitanda.

"Huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Amekubali kuwaeleza anavyougua. Anayetaka kucheka, mlango ule pale."

Hakutoka mtu. Kaka akaeleza jinsi sauti zinavyoanza, mwanzo kama redio ya jirani, halafu zikimwita kwa jina, zikimtukana hata akiwa anakula. Wakamuuliza maswali mpaka muuguzi akaja kuwafukuza.

Kesho yake mkuu wa kitivo akamwita mwalimu ofisini.

"Umejiaibisha, na sisi umetuaibisha. Ungesema ni mgonjwa tu."

"Wewe una kisukari, unajidunga sindano mbele yetu vikaoni. Nani amekuambia unatuaibisha?"

"Usinilinganishe na..."

"Malizia."

Mkuu akamvua tu ukuu wa idara ya magonjwa ya akili, aliyokuwa akiiongoza. Mwalimu akabeba vitabu vyake hadi meza ya pamoja ya walimu, na juma lililofuata akawapeleka wanafunzi wodini kama kawaida. Wawili katika darasa lile walikuja kuchagua magonjwa ya akili. Cheo chake hakikurudi, wala hakukiomba.

Kilichomuuma ni mama yake, aliyenuna miezi mizima, akisema binti amewavua nguo hadharani. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nuna tu, mama," akamwambia. "Mimi nitaendelea kusema."