Mlinzi Aliyetoka Upande Wangu

Shule niliishia darasa la tatu, Kibuta. Nyumba ya matofali hapa Kongowe na banda la kuku nimejenga mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo nikisema jambo nyumbani kwangu, limekwisha.

Binti yangu mkubwa alipokatwa titi kwa saratani, nilisema hayo ni maradhi ya ukoo wa mama yake. Mke wangu mkubwa, ndiye mama yake, aliendelea kuchambua mchicha.

Kliniki nilikoitwa, daktari wa binti yangu, msichana tu, aliniamkia, akauliza nafanya kazi gani.

"Kuku."

"Bandani una walinzi wangapi, mzee?"

"Wawili. Mmoja akilala, mwingine yupo."

Akasema kila chembe ya mwili nayo ina walinzi wawili, vinasaba vya kuizuia isizaane ovyo. Mmoja hutoka kwa baba, mwingine kwa mama. Binti yangu alizaliwa na mmoja tayari mbovu. Wa pili alipoharibika ukubwani, chembe ikazaana bila wa kuikemea.

"Kwenu hakuna aliyeugua titi?"

Mama yangu alipokufa, wanawake waliomwosha waliliona titi lake lilivyooza. Tukatangaza jipu. Dada yangu naye, jipu. Hata kwenye posa za mabinti zangu, wazee wa kule wakiuliza maradhi ya ukoo, nilijibu hatuna.

"Mama," nikasema. "Na dada."

Akaandika. Nilitazama kalamu yake. Sikusikia uchungu, sikusikia kitu.

"Basi mlinzi mbovu huenda katoka kwako. Una binti mwingine?"

Ninaye, wa mke mdogo, Mlandizi. Dada yake alipougua hakuhangaika. Mama zao mbalimbali, na mimi ndiye niliyemwambia hayamhusu.

Kesho yake nikaenda. Nilimkuta dukani anapima maharage.

"Shikamoo baba. Leo mikono mitupu? Hata yai?"

"Marahaba. Ugonjwa wa dada yako huenda umetoka kwangu. Ukapimwe."

"Si ulisema ni wa kina mama mkubwa?"

"Nilisema."

Akamfungia mteja maharage, akakung'uta sahani ya mizani.

"Mama mkubwa mwenyewe umemwambia?"

"Bado."

"Kamwambie. Mimi kesho nakwenda kupima."

Nikarudi Kongowe. Mke wangu mkubwa alikuwa jikoni. Nikakaa sebuleni nimwite, kama ninavyoita siku zote. Halafu nikainuka, nikaenda mimi jikoni.