Maabara Zilizopigiana Simu

Kazi ya Kabagwira ilikuwa kuwapima wanaopima, na majirani zake wa Kibagabaga hawakuwahi kuielewa. Aligawa vichupa vya damu moja kwa maabara za Kigali, kila maabara ipime kama inavyompima mgonjwa yeyote, kisha irudishe jibu. Majibu yakilingana, mgonjwa apimwe popote, hatapotoshwa.

Nayo yalilingana. Yalilingana hadi yakamkera, maana hata mapacha hugombana. Lakini sifa ni tamu. Aliwasifu hadharani, na shangazi yake Winifred alipotakiwa kupasuliwa uvimbe tumboni, yeye mwenyewe alimpeleka kwa Ndayisaba, mkuu wa maabara ya kliniki moja ya Gikondo. Jibu likatoka: damu inatosha, apasuliwe.

"Hiyo damu ya kutosha iko wapi, mwanangu?" shangazi alilalamika. "Nikifua shuka moja tu natafuta pa kukaa."

Kabagwira akaingiwa na wasiwasi, akafanya hila. Vichupa vilikuwa vilevile kwa sura, ila safari hii kila maabara aliipa damu tofauti, nyingine nzito, nyingine nyepesi kama chai isiyo na maziwa. Majibu yakarudi siku ya kuamkia upasuaji. Yote sawa, mpaka tarakimu ya mwisho.

Kulipokucha alimkuta Ndayisaba akinywa chai.

"Mlipigiana simu."

Ndayisaba hakukana. Hata haya hakuona. "Madamu, si tuko pamoja? Mashine yangu iko inapandisha majibu, ya mwenzangu iko inashusha. Tukaongea, tukakubaliana. Mtu asiaibike."

"Damu si kikao cha harusi, Ndayisaba, mkubaliane nani atoe nini." Miaka yote hiyo alikuwa akisifu urafiki wao, akidhani anasifu kazi. "Kumbe unajua mashine yako inapandisha."

"Iko hivyo tangu umeme ulipotusumbua. Ndiyo maana ile damu ya vichupa vyako tuliulizana kwanza."

"Na ya shangazi yangu?"

Akaweka kikombe chini. "Ile ilikuwa ya mgonjwa, madamu. Ile tulipima tu."

Kabagwira alitoka simu ikiwa sikioni, akamsihi muuguzi wa hospitali asimwingize shangazi chumba cha upasuaji kabla hajapimwa upya, tena kwingine. Muuguzi akasema bado yuko kitandani, ananung'unika kwa njaa. Kabagwira akashusha simu, akaegemea ukuta.

Benchi la nje ya maabara lilikuwa limejaa watu wa asubuhi, mikono ya mashati imekunjwa tayari, wakingoja zamu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwona hivyo, akajisogeza.

"Kaa hapa, dada, usiogope. Hawa wanapima vizuri. Hata wakubwa waliwasifu."