Mzaha Wangu juu ya Damu ya Mwanaidi

Mwanangu, ipo siku moja nikiikumbuka hucheka kwanza, ndipo nikamwomba Mola msamaha.

Tulikuwa Chumbageni, wanawake kwa wasichana, tunakuna nazi za maulidi. Mimi na binamu yangu Mwanaidi, aliyekwisha kuposwa na kijana wa Kigombe, tukashindana nani atamaliza nazi zake mwanzo. Haraka haraka haina baraka: meno ya mbuzi ya kukunia yakatukata vidole sote wawili. Changu nilikibana kidogo, kikakauka. Chake kikaendelea kuvuja. Nami, kwa kupenda kuchekesha watu, nikasema, "Huyu damu yake maji. Akizaa, mtamkingia ndoo."

Wote wakacheka isipokuwa mmoja, shangazi wa bwana harusi, aliyekuja kusaidia mapishi. Kesho yake adhuhuri ukaja ujumbe kutoka Kigombe: harusi isubiri, wanaogopa mke atakayewafia uzazini. Mwanaidi hakunitukana. Alikunja kanga zake mpya, akazirudisha sandukuni, na hilo liliniuma kuliko tusi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nikamwendea Bi Zuhura, shangazi yetu, mkunga hospitalini. Alitupeleka tukapimwa. Mimi nikawa kundi A, Mwanaidi O, na kuganda kwa damu yake kukaonekana sawasawa, hana ugonjwa wowote. Kisha akanikalisha, akanieleza kwamba damuni mna protini zinazosaidia kugandisha, na watu wa O kwa kawaida huwa na baadhi yake pungufu kidogo kuliko wa A, B na AB, na wote hao ni wazima. Wala sisi wengine tusijivune, kwani damu ikipenda mno kuganda nayo ina shari yake.

"Lakini kidole hakikwambii hayo," akasema. "Pengine chake kilikatika zaidi, basi. Mola kampimia kila mja kipimo chake, wewe nani ukitie kasoro? Vaa baibui, twende Kigombe ukaseme mwenyewe."

Tukaenda, nami nikakiri mzaha wangu wote. Mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye macho ya utani, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Bi Zuhura.

"Nimezaa saba, na mpaka leo sijui damu yangu herufi gani. Nileteeni mkwe wangu. Na huyu mwenye kinywa, siku ya harusi atangulie mbele akimsifu njia nzima."

Nikamsifu, mwanangu, mpaka sauti ikanikauka. Leo Mwanaidi ana wajukuu, alhamdulillahi, na bado hunitania.

Basi shika haya. Ukiona damu isiyokoma, kimbilia hospitali, usifanye mzaha. Usilolijua, muulize aliyelisoma. Na kutofautiana na mwenzio si kasoro yake wala sifa yako; wapo wazima wa namna nyingi. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja nyumba.

Mola akupe afya na mwenza mwema, akujaalie kinywa cha kusitiri watu, na akuzeeshe ukiwa na wa kucheka nao. Amin.