Chupa Tupu Ng'ambo ya Kivukoni

Sokoni Ifakara, ninakouza mitumba, niliaga kwamba naenda kutembea tu, nizungukie vijiji vya zamani kwa baiskeli. Ukisema unakwenda kwa ajili ya mgonjwa kila mtu anakupa ushauri, na ushauri wa bure ndio ghali kuliko wote. Ukweli ni kwamba mama alikuwa kitandani kwa mwezi wa pili sasa, na uji wenyewe ulikuwa haupiti tena. Jioni iliyotangulia aliniambia, "Nenda kaniletee mdogo wangu. Nimwone kabla sijaondoka." Walikuwa hawajaonana miaka kumi na minane. Nilihesabu mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, jibu likawa lilelile.

Saa kumi na mbili asubuhi niliitoa baiskeli. Ilikuwa mwezi wa tano, miaka ile ya tisini, mvua zinaelekea kwisha na ukungu umelala juu ya mpunga kama shuka ya hospitali. Nilihesabu spoku za gurudumu la nyuma: thelathini na tisa. Fundi alikuwa ameniapia arobaini.

Saa moja, Kivukoni. Pantoni lilikuwa upande wa pili na halikuwa na dalili ya haraka. Nikamfuata mwenye mtumbwi.

"Baiskeli nayo inalipa kama mtu," akasema.

"Basi yenyewe ikae, mimi nisimame."

"Ukisimama tunazama. Ukizama nauli hairudi."

Tukakutana katikati, na mto ukatupitisha bila kutuangalia.

Saa tatu nilifika Mkwajuni ya zamani, alikozaliwa mama. Watu walihamishwa hapa enzi za vijiji vya ujamaa. Yamebaki mahame: misufi minne, mawe ya kusagia na makaburi yenye vyungu vilivyotobolewa. Kaburi la bibi lipo hapo, na ugomvi ulianzia hapo. Bibi alifariki wakati wa mpunga. Mpaka habari itufikie mjini, udongo ulikuwa umeshakauka. Mama alisimama mbele ya kaburi akamwambia mdogo wake, "Hukuniita nimzike mama. Basi usikanyage kwangu, hata siku nikifa." Nilikuwepo, nilisikia. Sasa nilikaa pale, nikanywa maji yote ya chupa yangu, nikaondoka.

Saa nne, Mkwajuni mpya. Nyumba zimepangwa mistari miwili iliyonyooka, kama zinasubiri kukaguliwa. Nilihesabu ishirini na sita, na makufuli ishirini na sita. Nikahesabu watu: hakuna. Nikarudia: hakuna. Akapita mfugaji wa Kisukuma na ng'ombe zake.

"Ndugu, watu wa hapa wamekwenda wapi?"

"Wamehamia mashambani, wanalinda ndege. Hapa ni mpaka mpunga uingie kwenye magunia. Wewe mgeni?"

"Mgeni? Mama yangu kazaliwa Mkwajuni!"

"Mimi nimekuja mwaka juzi, na hilo la mashamba nalijua."

Mtoto wa bonde hili nilikuwa nimesahau kwamba mwezi wa tano kijiji chote huhamia mashambani. Akanionyesha njia kwa fimbo, nikaikokota baiskeli kwenye matope.

Adhuhuri nilimkuta mama mdogo juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia mpunga. Ameshika kamba iliyofungwa makopo, sauti imemkauka kwa kufukuza ndege.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Haaaa! Nawafukuza hao, si wewe. Umekonda."

"Mama anakuita. Anaumwa."

Akavuta kamba, makopo yakalia shamba zima. "Anaumwa sana?"

"Sana."

Ndege wakatua, na safari hii hakuwafukuza. "Siwezi kukanyaga kwake," akasema.

Mimi mfanyabiashara, nikaanza. "Nitakubeba kwenye keria. Miguu haitagusa chini mpaka kitandani."

Akacheka kidogo, kama mtu anayekohoa. "Unataka kumlalia bei hata Mungu?"

"Basi punguza. Simama nje, dirishani."

"Dirisha la nani?"

"Nipe hata salamu nimpelekee."

"Mwanangu, neno lilitoka kinywani mwake. Linatolewa na kinywa hichohicho. Anashika maji mdomoni, anayatema, anatamka kwamba kalitoa, na mimi nayanawa. Ndivyo tulivyolelewa. Umekuja na maji?"

Nikamwonyesha chupa. Aliigeuza juu chini, halikudondoka tone.

"Nenda kaijaze," akasema.

Saa kumi nilikuwa tena Kivukoni, nikasubiri mtumbwi mpaka jua likazama. Nyumbani mama alitazama mlango nyuma yangu. "Yuko wapi?"

Nikamweleza. Akasema, "Nilidhani kukutuma wewe kunatosha."

Akaomba kikombe. Mara ya kwanza maji yalimtoka pembeni, mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliyashika, akayatema ndani ya chupa, akasema, "Mdogo wangu, lile neno nimelitoa. Uje." Yalikuwa kama vijiko viwili. Nilipima kwa macho, nikapima tena.

Alfajiri mama alifariki. Wanawake walipoanza kulia, mimi nilikuwa naipandisha chupa kwenye baiskeli. Nasikia wapo waliosema nimekimbia msiba.

Muuza mitumba hujifunza kukunja nguo ili doa lisionekane mpaka mteja amelipa. Ndivyo nilivyofanya chini ya dungu. Nilimpa mama mdogo maji kwanza, nikamwambia maneno ya dada yake, nikafunga mdomo. Alinawa uso, mikono, na tone lililobaki akalipaka kwenye nyayo. Ndipo akanitazama.

"Amekufa," akasema.

"Leo alfajiri."

Akashuka, akajifunga kanga ya pili.

"Na mpunga?"

"Ndege nao wale."

Kivukoni mwenye mtumbwi alihesabu watu wawili na baiskeli, na kwa mara ya kwanza sikumbishia. Nilikuwa nimejifunza kwamba kuna bidhaa isiyo na mchuuzi. Mwenyewe asipoitoa, hata uzunguke bonde zima, unarudi na chupa tupu.

Mlangoni kwetu mama mdogo alishuka kwenye keria, akavua ndala, akakanyaga.