Kitufe Mfukoni mwa Dereva

Uvumilivu wangu uliishia Bahi, saa kumi na moja jioni, blauzi ikiwa imelowa maziwa kifuani. Nilifungua boneti ya gari la serikali kwa mikono yangu mwenyewe, na wanawake waliokuwa wakifunga watoto mgongoni warudi makwao wakasimama kunitazama.

Kazi yangu ilikuwa kupima uzito wa watoto na kuandika majina yao. Kila Jumatano vani ile kuukuu ilinitoa Dodoma asubuhi na kunirudisha jioni. Mwanangu wa miezi saba nilimwacha Nkuhungu na mama mkwe, maana ofisini walisema gari la serikali si la familia. Gari la kwenda kupima watoto, wangu haliwezi kumbeba!

Mama mkwe naye alikuwa na sheria yake. Maziwa yaliyoshinda juani kifuani mwa msafiri yameharibika. Mtoto akiyanyonya ataharisha. Jua likizama sijafika, mtoto anapewa uji. Nilikuwa nimeshachelewa mara mbili. "Mara ya tatu namwachisha," alisema, "nampeleka kwetu Kondoa akanywe maziwa ya ng'ombe." Nilijua si kweli, nimesoma mpaka sekondari. Kujua hakukunisaidia kitu. Nyumba ni ya mwanawe.

Sasa hicho kitufe. Kishikio cha kuvuta cha kuwashia gari kilikuwa kimekatika, na spea ilingojwa kutoka ng'ambo. Fundi mmoja wa Kihindi mjini akatafuta njia, nami nikiwa nimekaa pale na mizani mapajani, nikaona yote. Waya mmoja kutoka kwenye betri, wa pili kwenye swichi ya stata, ile mota ya kuwashia injini, ncha zake akazipeleka kwenye kitufe cha kengele ya mlango. Ukibonyeza, umeme unapita, stata inazunguka. Akamwambia dereva amrudishie gari kesho yake akifunge vizuri kwenye dashibodi.

Dereva hakulirudisha. Alipenda kutoa gia, akasimama nje mbele ya watu, akabonyeza, gari likanguruma bila mtu ndani. Kisha akagundua kwamba anaweza kuzichomoa zile ncha mbili na kuondoka na kitufe mfukoni. Bila kitufe, gari lile ni kabati la bati. Nami nilikuwa ndani ya kabati hilo kila Jumatano, nikingoja amalize kungoja samaki wa jioni wa kwenda kuuza mjini.

Asubuhi ile nilimwamkia vizuri kabisa. "Shikamoo, mzee. Leo tuwahi, tafadhali."

"Marahaba, binti. Kwani jua umelifunga kamba?"

Basi jioni, alipokwenda tena kungoja samaki, nikafungua boneti. Ncha mbili za waya zilikuwa zinaning'inia. Ufunguo wa gari ulishapotea zamani, swichi ya moto ilikuwa ya kupindua tu, nikaipindua.

"Dada," mwanamke mmoja akaniita, "hilo dume haliamki mpaka bwana wake aje!"

Kuendesha sikujui. Nilitaka lingurume tu, asikie huko aliko, aje mbio. Nikakunja khanga mkononi, nikasimama ubavuni, nikazigusisha zile ncha mbili.

Cheche zikaruka, na gari nalo likaruka. Breki ya mkono ilikuwa imekufa, kwa hiyo dereva huliacha kwenye gia. Hilo nililijua, nikalisahau kwa hasira. Likapanda benchi la kupimia lililokuwa mbele yake, likaiponda mizani iliyokuwa juu yake, likazimika.

Akaja mbio kweli, kambale wawili wakining'inia mkononi. "Umeniulia gari!"

"Kitufe, mzee."

"Mwanamke unagusa waya wa serikali! Ungekufa hapa, mumeo ningemwambia nini?"

"Ungemwambia ulikuwa unanunua kambale."

Wanawake walicheka. Mimi sikucheka, jua lilikuwa limeshashuka.

Tulifika giza limeingia. Mtoto alikuwa amelala, uji umemkaukia kidevuni, na nguo zake zimefungwa furushi. "Ni mara ya tatu, mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole. Mume wangu akatazama ukuta. "Ni mama yangu. Nifanyeje?" Asubuhi mama mkwe na mtoto wakapanda basi la Kondoa, na mimi nikaitwa ofisini nieleze habari ya mizani.

"Andika samahani, dada, yaishe," karani akanishauri, akanipa karatasi.

Niliandika hivi:

"Kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Ninalalamika rasmi. Waya niligusa mimi na mizani imevunjika kwa mkono wangu, sikatai. Lakini dereva hutembea na kitufe cha kuwashia gari mfukoni, na Jumatano tatu amenizuia Bahi kwa ajili ya samaki wake. Kwa sababu hiyo mwanangu ameachishwa ziwa na amepelekwa Kondoa. Ninaomba kitufe kifungwe kwa skrubu kwenye dashibodi. Ninaomba ruhusa ya kusafiri na mtoto wangu ndani ya gari hilo. Ninaomba pia siku nne, kuanzia kesho, nikamchukue. Nikinyimwa siku hizo, nitakwenda vilevile."

Karani alisoma, akaguna. "Mwishoni hukuandika 'mtumishi wako mtiifu'."

"Sikuandika. Gonga muhuri wa kupokelewa."

Nikasimama pale mezani mpaka alipougonga.